Mita zinazoliwa pande zote mbili za ukuta

Kilichonikamata ni mstari wa vitone. Umo kwenye ramani kuukuu ya ploti moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi. Mstari mnene ndio mpaka wa ploti. Ndani yake kidogo unapita huu wa vitone, mstari wa ujenzi. Katikati ya mistari hiyo miwili mwenye ardhi ni mwenye ardhi kweli, lakini haruhusiwi kuinua jengo. Mchoraji ameuacha ukanda huo mtupu. Niliutazama utupu ule muda mrefu, kwa sababu ploti yenyewe naijua, na leo haina hata mahali pa kupitisha mkokoteni.

Ramani ilikuwa mikononi mwa mpima ardhi mstaafu, mzee ambaye bado huitwa mahakamani kwenye kesi za mipaka, na kwa ajili hiyo simtaji jina.

“Watu hukosea tangu wanapoanzia kupima, mwanangu,” aliniambia. “Ukianzia ukutani umejidanganya, maana ukuta wenyewe huenda umevuka. Ukianzia ukingo wa lami umejidanganya zaidi. Lami ni sehemu tu ya hifadhi ya barabara. Pembeni hubaki ardhi ambayo macho huona haina mwenyewe. Unaanzia kwenye bikoni.” Bikoni ni chuma kilichozamishwa ndani ya saruji, na mara nyingi lazima uchimbe ndipo uione. Kutoka bikoni hadi bikoni ndipo mpaka ulipo, na mita za kuacha wazi huhesabiwa kuanzia hapo kuingia ndani.

Nikamuuliza jinsi mita hizo zilivyopotea. Alinieleza kwa utaratibu, kana kwamba anasoma hati ya mashtaka.

Kwanza huja jenereta. Ina kelele na moshi, basi hutolewa nje ya jengo. Mvua isiipige, huwekewa bati. Chini ya bati hupatikana nafasi ya madramu. Kisha kibanda cha bawabu, choo cha wafanyakazi, rundo la mbao za kupangia mizigo. “Hakuna siku mwenye kiwanda aliamka akasema leo navunja sheria. Lakini gari la zimamoto lilipaswa kuzunguka hapo. Moto ulipaswa kukosa cha kushika hapo.”

Upande wa pili wa ukuta kuna ulaji mwingine. Kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kwenda mbali kutafuta chakula, kwa hiyo mama wa chapati na maharagwe humfuata alipo. Fundi viatu hukaa karibu naye, halafu muuza mitumba. Wote wamo ndani ya hifadhi ya barabara. Hilo ni kweli, na mzee halipingi.

“Ila nimeitwa mara nyingi sana kuonyesha bikoni ili vibanda vya nje vibomolewe,” alisema. “Kuitwa nionyeshe kwamba jenereta ya ndani imekaa pasipostahili, hilo sikumbuki.”

Sentensi hiyo imenikaa rohoni. Mvamizi ni yule anayeonekana kutoka barabarani. Aliye nyuma ya geti la chuma huitwa mwekezaji.

Tunajua mita hizi ni za nini. Septemba 12, 2011, petroli ilivuja kutoka kituo cha Kampuni ya Bomba la Mafuta, ikaingia mtaroni hadi mtaa wa Sinai, na zaidi ya watu 100 wakateketea. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ililipuka eneo la Mradi, Embakasi. EPRA, wadhibiti wa nishati, walikuwa wamekataa mara tatu mwaka 2023 maombi ya kujenga kituo cha gesi hapo. Michoro haikutimiza masharti ya usalama, na wakazi wa jirani walikuwa wengi mno. Gesi ilikuwapo hata hivyo. Nani alipaswa kwenda kutazama baada ya kukataa?

Ukiipitia Mukuru, mtaa wa mabanda ulio jirani na Eneo la Viwanda, kwa miguu utaona kwamba maskini wa jiji hili wamejengewa, au wamejijengea, palepale ambapo sheria inataka pabaki patupu: kando ya reli, ukingoni mwa Mto Ngong, chini ya nyaya za umeme, mgongoni mwa viwanda. Kaunti ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, Agosti 2017, wataalamu wa mipango miji walilazimika kukubali njia nyembamba kuliko vipimo vya kawaida, kwa kuwa vipimo hivyo vingefukuza watu wengi mno. Nyumba zilipimwa, vichochoro vikapimwa, wenyeji wakakaa vikaoni wakajadili mita zao. Majirani wenye mageti hawakuulizwa hivyo kuhusu zao.

Je, mita za ndani ya ukuta zikirudishwa leo, zitatosha? Mzee hakutaka kunipa matumaini. Umbali ulipangwa kulingana na kazi iliyoombewa kibali. Ploti iliyokuwa ya kushona mablanketi hugeuka ghala la rangi na vimumunyisho, mstari wa vitone ukibaki ulipokuwa.

“Mimi hupima umbali,” alisema. “Kilichowekwa ghalani kiko kwenye karatasi ya ofisi nyingine, na sijawahi kuitwa tukaziweka karatasi mbili hizo kwenye meza moja.”