Kabla ya Kuwasha Moto Kaburini

Kwa Wabukusu wa Kamukuywa, soko lililo kwenye barabara ya Webuye kwenda Kitale, kati ya Misikhu na Kiminini, kumzika mtu si kumaliza habari zake. Marehemu huenda kukaa na wahenga, na akiwa huko bado ana haki zake nyumbani. Jina lake lirithiwe. Deni lake lilipwe. Akumbukwe watu wanapochinja. Mtoto mchanga akilia usiku kucha bila ugonjwa wa kuonekana, wakubwa humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Analolinyamazia ndilo lake.

Nimeanza na jina kwa sababu hapo ndipo matengenezo na marehemu yanapoanzia, kwa upole. Jina lisipotosha, mganga huulizwa ni nani analalamika na anataka nini. Kisha kuku au kondoo hutolewa, wazee huongea na marehemu kama mtu aliyeketi mbele yao, wakimsihi aiache nyumba ipumue. Kufukua mifupa na kuichoma moto kulikuwa hatua ya mwisho kabisa, iliyojulikana miongoni mwa Waluhya, ambao Wabukusu ni sehemu yao, kwa marehemu aliyekataa kila suluhu: watoto wanaendelea kufa, ndoto haziishi, ugonjwa unahama kutoka mlango huu hadi ule. Moto ulikuwa hukumu nzito. Ulimkata marehemu kutoka kwa ukoo, naye asingeitwa tena kwa jina. Jamii inayowaheshimu wafu kiasi hiki haikuichukua hatua hiyo kwa hasira ya siku moja.

Na kilichochomwa kilikuwa mifupa. Zamani maiti ilizikwa mapema, katika udongo mtupu, bila saruji, na ardhi ilifanya kazi yake. Leo mwili hulala mochari wiki nzima au zaidi, ukingoja michango ikamilike na jamaa wafike kutoka Nairobi na Mombasa. Huko hudungwa formalini kwenye mishipa. Dawa hiyo hukaza protini za mwili na kuwaua bakteria ambao ndio wangeuozesha. Kisha huja jeneza la mbao ngumu, kaburi lililojengewa kwa matofali, na zege juu. Udongo ukiwa mzito na wenye maji, hewa haipenyi, na mafuta ya mwili hugeuka kitu cheupe kama nta kinachohifadhi umbo kwa miaka mingi. Familia inayofukua kaburi la namna hiyo hukuta ngozi, nywele, pengine hata uso unaotambulika. Mtu yeyote angetetemeka. Ni rahisi mno kusema: amekataa kuoza, basi ndiye anayetuua.

Kosa hilo si letu peke yetu. Katika mji mdogo wa Exeter, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, kifua kikuu kiliwaua watu wa familia ya Brown mmoja baada ya mwingine. Machi 1892 majirani waliyafungua makaburi. Mama na binti mkubwa walikuwa mifupa. Mercy, msichana wa miaka 19 aliyefariki Januari, bado alikuwa na damu moyoni. Walimchoma moyo na ini, majivu wakamnywesha kaka yake Edwin ili apone. Edwin alikufa miezi miwili hivi baadaye. Mercy alikuwa amewekwa katika chumba cha juu ya ardhi wakati wa baridi kali, ndiyo maana hakuoza. Na Robert Koch alikuwa ameshakitambua kijidudu cha kifua kikuu tangu 1882. Maarifa yalikuwepo, ila hayakuwa yamefika kwenye lile kaburi.

Ndiyo maana naamini kwa dhati kwamba mwili ambao haujaoza hauwezi kutumika kama ushahidi dhidi ya marehemu. Ni ushahidi wa mochari, wa saruji na wa udongo. Anayeuchoma hatekelezi hata ile desturi ya zamani, kwa kuwa mifupa mikavu ni kitu kimoja na mwili wenye nyama ni kitu kingine. Kuuteketeza mwili mzima kwa kuni kunahitaji mamia ya kilo za kuni na saa nyingi, na uliotiwa formalini hutoa moshi unaochoma macho na mapafu ya wale wale waliokuja kutafuta afya.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, hairuhusu kufukua maiti bila kibali, na Kanuni ya Adhabu inaiona fujo ya makaburini kuwa kosa. Familia nyingi za Trans Nzoia na Bungoma hulazimika kuhamisha makaburi shamba linapouzwa. Kwa hao kibali hupatikana, afisa wa afya husimamia, na mwili huzikwa upya kwingine. Ukiwa haujaoza, huzikwa ulivyo. Safari hii kaburi lisijengewe. Na kama nyumbani kuna ugonjwa usioisha, wanaopaswa kufikishwa hospitalini ni walio hai, wote wanaolala chini ya paa moja, wapimwe makohozi na damu, huku wazee wakiendelea kuongea na marehemu kwa njia zile za upole ambazo hazijawahi kumdhuru mtu.