Je, Wajua? Ganda la chungwa si takataka tupu
Ganda la chungwa lina matabaka mawili. La nje limejaa vifuko vidogo vya mafuta. Likiminywa karibu na mshumaa, mafuta huruka na kuwaka cheche. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo kwa kawaida ni limonene, ambayo hupenya utando wa seli za bakteria na kuuvuruga. Tabaka jeupe la ndani, ambalo walaji wengi hulibandua kwa kucha na kulitupa, lina hesperidini, iliyotengwa mwaka 1828 na mkemia Mfaransa Lebreton. Kemikali hii hutuliza radikali huru zinazochakaza seli, walau katika vyombo vya maabara. Mwilini mambo ni magumu zaidi: hesperidini hufyonzwa kidogo sana mpaka ifike utumbo mpana, ambako bakteria huondoa sukari iliyoambatana nayo.