Bei Imeshuka, Mama, Nunua Leo!

Mwezi wa sita unapoisha na masomo kufungwa, watoto wanatuletea telefone: «Mama, ona, asilimia 75!» Mwezi wa kumi na mbili, karibu na Noeli, wanarudi tena. Hawatudanganyi. Steam, duka la michezo ya kompyuta la kampuni ya Valve ya Marekani, hushusha bei kila mwaka nyakati hizo mbili. Mchezo wa dola 60 unaweza kweli kuuzwa dola 15.

Lakini sisi tunaonunua kwenye soko la komini Kenya tunajua kwa nini mama wa tomate anapunguza bei jioni: kesho zitaoza. Mchezo wa intaneti hauozi, wala haujazi depo. Wenye haraka walishaulipia dola 60. Sasa muuzaji anatafuta wenye 15. Mwakani huenda akatafuta wenye 10. Basi zile saa zinazohesabiwa kwenye ekrani zisitutie presha. Mchezo wa mpira wa EA Sports, kwa mfano, hutoka mpya kila mwaka karibu mwezi wa tisa, na ule wa zamani unashuka bei sana. Mwezi wa tisa ndio wa minervali, daftari na viatu, mchezo utangoje.

Na ile bei iliyopigwa mstari? Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2022, muuzaji anayetangaza punguzo lazima aonyeshe bei ya chini kabisa ya siku 30 zilizotangulia. Huku kwetu, mtoto aandike bei kwenye daftari kila wiki. Ni hesabu nzuri ya likizo.

Kabla ya bei, tuulize uzito. Michezo mikubwa mingi inapita jigabaiti 50, mingine 100. Mama anayenunua mega za siku kwa franka chache anaelewa: kuushusha mchezo kunaweza kugharimu kuliko mchezo wenyewe.

Jambo linalotusumbua zaidi ni akaunti. Diski unaweza kumwazima jirani au kuiuza tena. Mchezo wa intaneti unabaki ndani ya akaunti iliyoununua. Mitaani kwetu vijana wengi hufunguliwa akaunti na rafiki mwenye kadi ya benki, kwa anwani na neno la siri lake. Siku wanapogombana, michezo yote inabaki kwa rafiki, na dola za mama pia. Akaunti iwe ya mtoto wetu, imeli yake, neno la siri tulijue sisi.

Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na mchezo haujachezwa kufikia saa 2. Kwa hiyo ukinunua Jumamosi na kompyuta ikashindwa kuufungua, omba siku hiyohiyo, maana hatujui umeme utarudi lini.