Nguruwe Wako Anakula Nini?

Ukipita vijiji vya Mbozi, Mbinga, Njombe au Mbulu, utaona mabanda ya nguruwe karibu na nyumba za watu. Nguruwe mmoja akiuzwa hununua bati za nyumba, sare za shule au mbolea ya msimu. Ni mnyama wa faida.

Lakini utaona jambo jingine pia. Nyumba mbili ni jirani. Kila moja ilinunua kitoto cha nguruwe siku ile ile, kutoka kwa mama yule yule. Baada ya miezi saba, nguruwe wa nyumba ya kwanza ana kilo 80. Wa nyumba ya pili ana kilo 30. Manyoya yake yamesimama, mgongo umechongoka na tumbo limekuwa kubwa. Mwenyewe anasema, "Mbegu hii ni mbaya." Mbegu inawezaje kuwa mbaya, na mama yao ni mmoja? Tofauti imo katika chombo cha kulia.

Nguruwe si ng'ombe

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Anaweza kula majani makavu akapata nyama na maziwa. Nguruwe ana tumbo moja, kama wewe na mimi. Majani ya porini peke yake hayamtoshi. Mtu anayemfungia nguruwe bandani na kumtupia majani asubuhi na jioni anamshindisha njaa.

Kwa kuwa tumbo lake ni kama letu, chakula chake nacho ni kama chetu. Anahitaji chakula cha kutia nguvu, kama vile pumba, mihogo na viazi. Anahitaji chakula cha kujenga mwili, kama vile dagaa, mashudu na soya. Anahitaji chakula cha kulinda mwili, kama vile majani mabichi. Anahitaji pia chumvi kidogo, chokaa kwa ajili ya mifupa, na maji.

Wafugaji wengi humpa nguruwe pumba, basi. Pumba ni chakula kizuri, lakini peke yake ni sawa na kumlisha mtoto ugali bila mboga mwaka mzima. Tumbo hujaa, mwili haukui. Yule nguruwe wa kilo 30 hakukosa chakula. Alikosa cha kujenga mwili.

Hapa kuna mchanganyiko wa kilo 100 unaowafaa nguruwe wanaokua:

Pumba laini ya mahindi: kilo 70
Mashudu ya alizeti: kilo 20
Dagaa waliosagwa: kilo 8
Chokaa ya mifugo: kilo 1 na nusu
Chumvi: nusu kilo

Changanya kwanza vile vilivyo vichache, yaani chumvi, chokaa na dagaa, pamoja na pumba kidogo. Kisha mwaga mchanganyiko huo juu ya pumba iliyobaki na mashudu, ugeuze kwa koleo mara kadhaa. Usipofanya hivyo, nguruwe mmoja atakula chumvi yote na mwenzake hataionja.

Kama huna mizani, nenda na kopo lako dukani. Pima kilo moja ya chakula, mimina katika kopo, utie alama mahali kilipofikia. Kuanzia siku hiyo kopo lile ni mizani yako.

Ukinunua pumba mashineni, isugue kwa vidole. Pumba nzuri ni laini. Pumba ya mpunga mara nyingi huchanganywa na maganda, nayo maganda huchoma vidole. Maganda hayana chakula ndani yake, ni kama kula mkeka. Dagaa nao watazame, maana wengine huuzwa na mchanga, na mchanga una uzito kwenye mizani. Walio karibu na Ziwa Nyasa wanaweza kutumia usipa. Mashudu ya pamba waachie ng'ombe. Yana sumu inayomdhuru nguruwe akila mengi.

Chukua kalamu

Kabla ya kununua kitoto cha nguruwe, piga hesabu. Kitoto huachishwa kunyonya akiwa na miezi miwili. Mwezi wa 3 na wa 4 hula kilo 1 hivi kwa siku. Siku 60 ni kilo 60. Mwezi wa 5 na wa 6 hula kilo 2 kwa siku. Siku 60 ni kilo 120. Mwezi wa 7 hula kilo 2 na nusu kwa siku. Siku 30 ni kilo 75. Jumla ni kilo 255.

Katika kilo hizo 255, pumba ni kilo 178, mashudu ni kilo 51, na dagaa ni kilo 20 hivi. Chokaa na chumvi ni kidogo. Sasa andika bei ya kila kimoja kama ilivyo kijijini kwako leo. Andika na bei ya nguruwe anayeuzwa. Je, kinabaki kitu? Na kama unataka nguruwe watano, kilo 100 za dagaa utazitoa wapi?

Hesabu hii huwaudhi watu, kwa sababu huonyesha kwamba nguruwe wawili walioshiba wana faida kuliko watano wenye njaa. Nguruwe mwenye njaa naye anakula. Kila siku hutumia chakula ili asife tu, bila kuongeza hata robo kilo. Ukimweka mwaka mzima na nusu, amekula zaidi ya yule aliyeuzwa kwa miezi saba.

Vya shambani

Unaweza kupunguza gharama kwa vitu vya shambani. Majani ya viazi vitamu ni mazuri sana, na nguruwe huyapenda. Maboga, majani ya maharage na magugu laini ya bustanini yanafaa. Toa majani kila siku, lakini usiyafanye kuwa chakula chote, kwa sababu yana maji mengi na tumbo la nguruwe hujaa upesi. Kwa nguruwe mdogo yawe ya kuongezea tu. Jike mwenye mimba anaweza kupewa mengi zaidi.

Vitu vingine vina hatari visipotayarishwa. Mihogo, hasa ile michungu, ina sumu. Imenye, ikatekate, uianike mpaka ikauke kabisa au uipike. Viazi mviringo vichemshe. Vilivyogeuka kijani au kuota usimpe, na maji uliyovichemshia yamwage. Soya na maharage mabichi humzuia nguruwe kupata faida ya chakula alichokula. Yachemshe au yakaange kwanza. Mtu mwenye soya yake, akiipika vizuri, anaweza kupunguza dagaa.

Machicha ya pombe yanafaa yakiwa mapya. Mpe kidogo, pamoja na chakula kingine. Yaliyolala siku nyingi yakachacha yatupe katika shimo la mbolea.

Na mahindi yaliyoota ukungu? Wengi husema, "Haya hayafai kwa watu, tuwape nguruwe." Usifanye hivyo. Ukungu huweza kutoa sumu, nayo huharibu ini. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu ya namna hiyo. Nguruwe naye ana ini.

Mabaki ya chakula

Mabaki ya ugali, wali na mboga kutoka jikoni ni chakula kizuri. Wanaoishi karibu na shule au hoteli hupata ndoo nzima. Lakini humo ndimo ugonjwa unaoitwa homa ya nguruwe unapojificha. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza kutoka Kenya mwaka 1921. Ngiri hukaa nao bila kuugua, na papasi huusambaza. Haumdhuru mtu, lakini nguruwe wa nyumbani ukimpata humuua kwa siku chache, na hauna dawa ya kuutibu. Vijidudu vyake hukaa katika nyama ya nguruwe, hata katika mifupa iliyotupwa. Nguruwe akila mabaki yenye kipande cha nyama hiyo, banda zima linaweza kwisha.

Kwa hiyo mabaki yote yanayotoka nje ya nyumba yako yachemshe kwa saa moja huku ukikoroga, kisha yapoe. Nyama ya nguruwe na mifupa yake usiwape nguruwe kamwe. Maji uliyooshea nyama hiyo mwaga mbali na banda.

Kumwachia ajitafutie

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Msimu wa mavuno ukiisha, wafugaji wengi hufungua mlango wa banda. Nguruwe hutoka, akajitafutia. Mwenyewe huona ameokoa pumba. Jirani ambaye dini yake inamkataza nguruwe humkuta uani kwake, ugomvi ukaanza. Lakini ugomvi huo ni mdogo ukilinganisha na kile nguruwe anachokila vichakani.

Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu. Kila mtu kijijini anajua, ingawa si jambo la kusemwa mezani. Mtu mwenye tegu hutoa mayai ya tegu katika kinyesi chake. Nguruwe huyameza, nayo huingia mwilini mwake na kuwa vifuko vidogo vyeupe ndani ya nyama, kama punje za mchele. Nguruwe huyo anaweza kuonekana mzima na mnene. Mnunuzi mzoefu humfungua mdomo na kupapasa chini ya ulimi. Akigusa vinundu, huondoka bila kununua. Kilo zako 255 zimepotea.

Hasara haiishii hapo. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva vizuri, hupata tegu tumboni. Mtu huyo asipotumia choo na asiponawa mikono, mayai huingia katika maji na chakula cha nyumba yake. Sasa si nguruwe tena anayeyameza, ni mtoto wako au wewe mwenyewe. Vifuko vile hujitengeneza katika mwili wa mtu, na vikikaa katika ubongo huleta kifafa. Si kila kifafa kimetokana na tegu, lakini penye nguruwe wanaozurura na nyumba zisizo na vyoo, kifafa cha namna hii kipo. Watu husema mgonjwa amerogwa. Mpelekeni kituo cha afya.

Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 Watanzania wengi walichimba vyoo. Anayefuga nguruwe ana sababu ya ziada ya kuwa nacho. Choo kiwe na ukuta na mlango, maana kisicho na mlango nguruwe huingia. Mfungie nguruwe bandani mwaka mzima. Kama chakula hakitoshi kwa mwaka mzima, rudi kwenye hesabu uliyoandika, uuze mmoja.

Mama na watoto

Nguruwe jike hubeba mimba miezi 3, wiki 3 na siku 3. Wakati huo mpe kilo 2 hadi 2 na nusu kwa siku, pamoja na majani. Usimnenepeshe mno, atazaa kwa shida. Akishazaa mambo hubadilika. Mpe kilo 2 kwa ajili yake mwenyewe, na robo kilo hadi nusu kilo kwa kila mtoto anayenyonya. Mwenye watoto 8 atakula kilo 4 hadi 6. Wengi hushtuka wakisikia hivyo. Lakini asipokula hutoa maziwa kwa kuumaliza mwili wake, na baada ya kuachisha hatapata mimba upesi.

Maziwa ya nguruwe yana upungufu wa madini ya chuma. Watoto waliozaliwa kwenye sakafu ya saruji hupauka na kudhoofika. Mwite Bwana Mifugo awachome sindano ya madini hayo siku ya tatu. Akiwa mbali, waletee udongo mwekundu kila siku, uliochimbwa chini mahali ambapo nguruwe hawajawahi kufika. Kuanzia wiki ya tatu wawekee chakula kidogo kilichosagwa vizuri, mahali mama asipofikia.

Maji yawepo saa zote. Nguruwe anayekua hunywa lita 5 hadi 10 kwa siku, na mama anayenyonyesha anaweza kumaliza ndoo nzima ya lita 20. Chumvi bila maji huua nguruwe. Hutetemeka, hutembea kama kipofu, kisha huanguka. Chombo cha maji kiwe kizito, kwa mfano gogo lililochongwa au tairi la gari lililopasuliwa, kwa sababu ndoo ataipindua kabla hujafika nyumbani.

Zikibaki wiki nne kabla ya kumchinja, ondoa dagaa katika chakula chake, uongeze soya iliyopikwa au mashudu ya alizeti. Dagaa wakiendelea mpaka siku ya mwisho, nyama itanukia samaki, na mnunuzi atajua mara sufuria ikichemka.