Walitarajia Gesi, Wakapata Kimiminika

Protoni moja ina uzito wa MeV 938, kwa kipimo ambacho wanafizikia hupimia vitu vidogo namna hiyo. Ndani yake mna kwaki tatu, na uzito wa hizo tatu ukiujumlisha haufiki MeV 10. Ni asilimia moja hivi. Karibu yote iliyobaki ni nishati: mwendo wa kwaki zenyewe, pamoja na gluoni, chembe zinazozishikanisha.

Kani inayozishikanisha ina tabia ya ukaidi. Sumaku mbili ukizitenganisha, mvuto hufifia. Kwaki mbili ukizivuta, mvuto haulegei, na nishati unayotumia kuzivuta mwishowe huzaa kwaki mpya zinazoungana na zile za kwanza. Ndiyo maana tangu Murray Gell-Mann na George Zweig walipozipendekeza mwaka 1964, kila mmoja kivyake, hakuna aliyewahi kuinasa kwaki iliyo peke yake. Zikikaribiana sana mambo hugeuka: kadiri zinavyosogeleana ndivyo zinavyoachiana. David Gross na Frank Wilczek kwa upande mmoja, na David Politzer kwa upande mwingine, waliikokotoa tabia hiyo mwaka 1973. Nobel ikawafikia mwaka 2004.

Mlinganyo mkuu wa nadharia ya kani hii unaenea kwenye mstari mmoja. Kuutatua ni habari nyingine.

Mwaka 1975 John Collins na Malcolm Perry walitoa hoja iliyoonekana kuwa nyepesi: maada ikibanwa vya kutosha, kwaki zitasongamana kiasi cha kuachiana, na mipaka ya protoni na nyutroni itafutika. Joto kali nalo lingefanya vivyo hivyo. Hali hiyo ikaja kuitwa plazima ya kwaki na gluoni, na inaaminika kuwa ndiyo iliyojaza ulimwengu katika mikrosekunde chache za mwanzo wake. Wengi waliifikiria kuwa gesi, kila kwaki ikienda zake.

Lakini joto kiasi gani? Kwa kalamu na karatasi haiwezekani kujua, kwa sababu pale hasa ambapo protoni zinayeyuka kani bado ina nguvu mno kwa hesabu za kukadiria hatua kwa hatua. Kenneth Wilson alipendekeza mwaka 1974 kwamba nafasi na wakati vikatwekatwe viwe wavu wa nukta, kisha hesabu ifanywe nukta kwa nukta. Kompyuta kubwa zilipokua, jibu lilipatikana: nyuzi joto trilioni 1.8 hivi, zaidi ya mara laki moja ya joto la kitovu cha Jua. Mwaka 2006 hesabu hizohizo zilionyesha pia kwamba mabadiliko hayaji kwa ghafla jinsi maji yanavyochemka. Protoni zinapotea polepole, bila mstari wa kukata.

Majaribio yalikuwa tayari yameanza. Kuanzia mwaka 2000 mtambo wa RHIC katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, ulikuwa ukigonganisha viini vya dhahabu vikienda karibu na kasi ya mwanga. Mara nyingi viini havigongani uso kwa uso. Hupishana kidogo, na ile sehemu inayopambana hubaki na umbo la kokwa ya embe, upande mmoja mwembamba na mwingine mrefu. Hapo ndipo penye kipimo. Kama yaliyomo ni gesi hafifu, kila chembe hutoka ilivyokuwa ikienda, na vigunduzi vya chembe huko nje havitaona dalili yoyote ya umbo hilo. Kama chembe zinasukumana, mgandamizo hushuka kwa kasi zaidi kwenye upande mwembamba, na chembe nyingi hutupwa upande huo. Zilitupwa upande huo, tena kwa wingi uliokaribia kabisa kile ambacho hesabu za mtiririko wa kimiminika zilitabiri. Mwaka 2005 makundi yote manne ya majaribio ya RHIC yalitangaza: hii si gesi, ni kimiminika chenye mnato mdogo ajabu.

Mnato mdogo huwachanganya wasomaji, maana tunadhani kitu kinachotiririka kwa wepesi ni kile ambacho chembe zake hazishikani. Kwa plazima hii ni kinyume. Katika gesi chembe husafiri mbali kabla ya kugongana, hivyo hupeleka mwendo wa tabaka moja hadi tabaka jingine, na kuhamisha huko ndiko mnato. Zikishikana barabara haziendi mbali, na mnato hupungua. Mwaka huohuo wa 2005 Kovtun, Son na Starinets walitumia hesabu za mashimo meusi kupendekeza kiwango cha chini kabisa cha mnato, na plazima imekaribia hapo. Ni kazi nzuri, ingawa binafsi naichukulia kwa tahadhari: imekokotolewa kwa nadharia ambayo ni binamu ya hii yetu, na wananadharia wengine wameshapata mifano inayoshuka chini ya kiwango hicho.

Mtambo wa LHC karibu na Geneva ulipogonganisha viini vya risasi mwaka 2010, kwa nishati kubwa zaidi ya mara kumi kuliko ya RHIC, kimiminika kilibaki kimiminika. Kilichotatiza ni kwamba dalili za mtiririko zilianza kuonekana hata protoni mbili zilipogongana. Chembe ngapi zinatosha kuitwa kimiminika? Julai 2025 LHC iligonganisha viini vya oksijeni, vyenye protoni na nyutroni 16 tu kila kimoja, ili swali hilo lipate data.

Upande wa Collins na Perry, ule wa kubana bila joto, umebaki nyuma. Huko ndiko ziliko nyota za nyutroni: mojawapo, J0740+6620, ina uzito wa takriban Jua mbili ndani ya upana wa kilomita 25 hivi. Je, kiini chake ni cha kwaki huru? Wavu wa Wilson hausaidii, kwa kuwa pakiwa na maada nyingi kuliko antimaada, namba zinazopaswa kuwa uwezekano hukataa kuwa chanya na kompyuta hukosa pa kushika. Wananadharia wanakadiria kutoka pande mbili, msongamano wa viini vya kawaida chini na wa kwaki zilizobanwa mno juu, na nyota yenyewe iko katikati.