Sultani Al-Kamil, aliyempokea Mtakatifu Fransisko

Wengi wetu tunamfahamu Sultani Al-Kamil wa Misri kwa tukio moja tu: siku Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipokwenda kumhubiria. Kwenye picha huonekana ameketi kwenye kiti cha enzi, moto ukiwaka pembeni, nasi macho yetu huenda kwa Fransisko. Lakini huyu aliyeketi alikuwa nani?

Al-Malik al-Kamil alikuwa mtoto wa Sultani Al-Adil. Salahuddin, aliyeitwaa Yerusalemu mwaka 1187, alikuwa baba yake mkubwa. Kwa miaka mingi aliiongoza Misri kwa niaba ya baba yake. Mwaka 1218 jeshi la Vita vya tano vya Msalaba lilitua Damietta, penye mdomo wa mto Nile, na miezi michache baadaye baba yake akafariki. Basi alirithi usultani adui akiwa mlangoni. Mapema mwaka 1219 baadhi ya maamiri wake walipanga kumpindua, ikambidi aikimbie kambi usiku. Aliyemwokoa ni ndugu yake Al-Mu'azzam wa Damasko.

Katika hali hiyo Sultani alitoa pendekezo la kushangaza: waondokeni Misri, nami nitawarudishia Yerusalemu. Jean de Brienne, Mfalme wa Yerusalemu, alitaka kukubali. Kardinali Pelagius, Balozi wa Papa, alikataa. Damietta ikaanguka Novemba 1219, na walioingia walikuta wengi wa wakazi wake wamekufa kwa njaa na maradhi.

Kabla ya mji kuanguka, Fransisko na Ndugu Illuminato walivuka kwenda kambi ya Waislamu bila silaha. Askofu Jacques de Vitry, aliyekuwapo Damietta, anaandika kwamba Sultani alimsikiliza kwa makini, akamwomba amwombee ili Mungu amwonyeshe imani inayompendeza zaidi, kisha akamrudisha salama. Habari ya kupita motoni inatoka kwa Mtakatifu Bonaventura, zaidi ya miaka arobaini baadaye. De Vitry haitaji. Mseminari anayesoma historia ya Kanisa azingatie tofauti hiyo. Tusisahau pia kwamba kanuni ya mwaka 1221 inawaruhusu ndugu kuishi kati ya Waislamu bila mabishano, wakiwa watumishi wa wote.

Mwaka huohuo wa 1221 jeshi la Msalaba lilielekea Kairo, likanaswa na mafuriko ya Nile karibu na Mansura. Sultani angeweza kuliangamiza. Badala yake alidai arudishiwe Damietta, na wale wenye njaa akawapa chakula. Oliver wa Paderborn, mmoja wa walioshibishwa siku hizo, alimwandikia barua ya shukrani.

Je, tumfanye mtakatifu? Hapana. Alikuwa mwanasiasa, na mara nyingi hesabu zake zilihusu ugomvi na ndugu zake kuliko Wakristo. Mwaka 1229 alimkabidhi Kaisari Frederick II miji ya Yerusalemu, Bethlehemu na Nazareti kwa muda wa miaka kumi hivi, Waislamu wakibaki na Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba ya Mwamba. Yerusalemu haikuwa na kuta tena, kwa kuwa Al-Mu'azzam alikwisha kuzibomoa, na Sultani mwenyewe alikuwa mbioni kumnyang'anya mpwa wake Damasko. Hakuna aliyeshukuru. Damasko watu waliomboleza msikitini. Frederick naye alikuwa ametengwa na Kanisa na Papa Gregori IX, na Patriarki Gerold akapiga marufuku ibada katika mji uleule uliorudishwa bila kumwaga damu.

Al-Kamil alifariki Damasko mwaka 1238. Wanawe wawili waligombea kiti chake. Mwaka uliofuata muda wa mkataba ukaisha, na mwaka 1244 wapiganaji wa Khwarazm wakaiteka Yerusalemu kwa upanga.