Unataka pikipiki kubwa ya mtumba? Usimalizie doo zote kwa muuzaji

Umeiona mtandaoni na sasa hulali. Yamaha FJR1300, rangi ya fedha, masanduku mawili ubavuni. Muuzaji anaapa mwenyewe alikuwa mtu mtulivu aliyeiendesha Jumapili tu. Tayari unajiona Nanyuki, upepo kifuani, picha zikipanda Insta.

Pole pole, msee. Kabla hujatuma hata shilingi ya kushikilia, weka sheria hii kichwani: theluthi moja ya bajeti yako si ya muuzaji. Ukiwa na Sh900,000, tafuta pikipiki ya Sh600,000. Zinazobaki ni za tairi, breki, betri, bima, helmeti na fundi. Wengi hununua hadi senti ya mwisho, kisha wanapanda mashine ya kukimbia kilomita 200 kwa saa ikiwa na tairi zilizokauka. Hapo ndipo watu hufia.

Jua unachonunua

Pikipiki za aina hii zimekaa katikati: zina nguvu za zile za mashindano, lakini zimeundwa kwa safari ndefu, abiria na mizigo. FJR ina injini ya cc 1,298 na tangi la lita 25. Haina cheni, gurudumu la nyuma linazungushwa na shafti. Honda VFR800 ni ndogo kidogo, ya cc 782, nayo hutumia cheni.

Sasa sikia uzito. FJR ikijaa mafuta inapita kilo 260. Nduthi ya cc 150 unayoiona stejini haifiki nusu ya hiyo. Ukizoea kuizungusha boda kwa mguu mmoja, hii itakulalia. Isitoshe, tumbo lake liko chini, kwa hivyo matuta yetu yasiyo na alama na barabara za changarawe si marafiki zake.

Siku ya kuikagua

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Ikiwa na joto, muulize kwa nini. Injini iliyopoa ndiyo husema ukweli: utasikia kama inasumbua kuwaka, na utaona kama inatoa moshi wa samawati, yaani inachoma oili.

Shika breki ya mbele, bonyeza usukani chini mara kadhaa, kisha pitisha kidole kwenye vyuma vya shoki za mbele. Kidole kikitoka na oili, sili zimeisha. Oili hiyo ikiteremka hadi kwenye diski, siku moja utashika breki na pikipiki isisimame.

Soma tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira umekauka. Ikiwa ya zamani, hesabu mpya mbili kwenye bei.

Beba mita ya umeme. Betri nzima isiyotumika husoma karibu volti 12.6. Injini ikikanyagwa kidogo, isome karibu 14. Ikibaki chini ya 13, mfumo wa kuchaji una shida. VFR800 za zamani zinajulikana sana kwa kuchoma kidhibiti cha chaji, basi usiruke hatua hii.

Angalia pia ncha za usukani, vikanyagio na plastiki za nje. Mikwaruzo upande mmoja inasema ilianguka. Plastiki hizo huuzwa ghali, na kuzipata hapa nchini ni kibarua.

Usisahau dashibodi. Nyingi zilizotoka Uingereza huhesabu maili. "Elfu 40" hapo ni kilomita 64,000.

Karatasi kwanza, pesa baadaye

Linganisha nambari ya fremu na ya injini na zile zilizo kwenye logibuku, kisha tafuta rekodi zake NTSA. Mwenye jina kwenye rekodi ndiye anayeanzisha uhamisho mtandaoni, nawe unaukubali kwa akaunti yako. Akisema "mwenyewe yuko ng'ambo, tutamaliza baadaye", rudi nyumbani. Kama ililetwa kutoka nje na haijasajiliwa, dai stakabadhi za ushuru.

Leseni ya gari pekee haitoshi. Unahitaji ya pikipiki. Bima nayo ni lazima kisheria.

Ifanye ikutoshee

Sasa tumia ile theluthi. Badilisha oili ya injini, maji ya breki na, kama ina shafti, oili ya gia ya nyuma. Huwezi kujua mwenye awali alifanya hivyo lini.

Kisha shoki. Pikipiki ikiwa imeinuliwa, mwombe rafiki apime kutoka ekseli ya nyuma hadi sehemu moja ya mkia. Ishushe, kaa ukiwa umevaa kila kitu, apime tena. Tofauti ya takriban milimita 30 hadi 35 ni mwanzo mzuri. Ikizidi, kaza springi, ikipungua, legeza. Ukibeba abiria na mizigo, kaza zaidi na uongeze upepo kulingana na kitabu cha pikipiki yako.

Weka levya za breki na klachi ziendane na mikono yako, viganja visipinde. Masanduku yapakie uzito sawa pande zote, vizito chini. Helmeti usinunue ya mtumba: ikishaanguka vibaya mara moja, huenda kinga yake imekwisha na macho yasione.

Wiki ya kwanza

Tafuta uwanja mtupu asubuhi ya Jumapili. Fanya mazoezi ya kugeuka polepole na kusimama ghafla, peke yako kwanza, kisha na abiria. Halafu Naivasha mchana, barabara kavu, bila kushindana na mtu. Ukirudi, angalia oili na upepo, na ukaze nati za masanduku. Nanyuki haihami; itakungoja mwezi ujao.